Thamani ya Uso: Malipo ya Damu katika Sheria za Kale za Ayalandi

Mwaka 2025, Mkenya mmoja aliyekuwa amekaa gerezani Saudi Arabia kwa miaka mingi, akisubiri kuuawa kwa kosa la kuua, aliachiliwa huru baada ya dia, yaani malipo ya damu, kulipwa kwa familia ya marehemu. Habari za namna hii huwaacha watu na maswali yaleyale kila zinapotokea. Je, uhai wa mtu una bei? Kama una bei, si tajiri ataua leo, alipe kesho, na keshokutwa aonekane sokoni akicheka na watu? Katika mabishano hayo hakosekani anayetaka kuonyesha kwamba malipo ya damu hayakuanzia Uarabuni wala hayaishii katika Uislamu, naye hutaja Ayalandi ya kale, nchi ambayo, kwa maneno yake, haikunyonga mtu bali ilitoza ng'ombe. Maelezo hayo yana ukweli nusu, na nusu iliyobaki imepotoka kiasi cha kuharibu hata ile ya kweli. Mfumo wa Waayalandi wa kale unastahili kuelezwa polepole, kwa sababu haukufanana na dia kama watu wanavyodhani, wala haukuwa biashara ya kununua roho za watu.

Kwanza tutenganishe maneno matatu. Faini ni mali anayotozwa mkosaji, na siku hizi huingia katika mfuko wa serikali. Fidia ni mali anayopewa aliyedhurika ili kuziba pengo alilopata. Adhabu ni machungu anayotiwa mkosaji kwa kuwa ametenda kosa, awe amelipa chochote au hajalipa. Katika nchi zetu leo mauaji ni jinai, na dola ndiyo inayoshtaki. Mjane wa marehemu, ambaye ndiye aliyepoteza kuliko wote, huitwa mahakamani kama shahidi tu, akishaeleza aliyoyaona hurudi nyumbani. Ayalandi ya kale iliyapanga mambo kwa namna nyingine. Mwenye kesi alikuwa ukoo wa aliyeuawa, mdaiwa alikuwa muuaji pamoja na ukoo wake, na kilichodaiwa kilikuwa hasa fidia.

Sheria tunazozungumzia ziliandikwa kwa sehemu kubwa katika karne ya 7 na ya 8, kwa Kiayalandi cha kale, na zikatufikia kupitia miswada ya karne za baadaye iliyojaa maelezo ya wanasheria waliofuata. Kisiwa chenyewe kiligawanyika katika tawala ndogondogo, kila moja ikiitwa túath na ikiwa na mfalme wake, na wanahistoria hukadiria kwamba zilikuwa zaidi ya 100 kwa wakati mmoja. Hapakuwa na polisi, wala magereza, wala mwendesha mashtaka wa serikali. Hakimu, ambaye waliita brithem, alijua sheria na kutoa hukumu, lakini hakuwa na askari wa kuitekeleza. Watu hawakuhesabu mali kwa sarafu, bali kwa ng'ombe wa maziwa. Kipimo kidogo kiliitwa sét, ambacho kwa kawaida kilikuwa nusu ya ng'ombe, na kipimo kikubwa kiliitwa cumal, ambacho mara nyingi kilihesabiwa kuwa ng'ombe 3. Neno cumal maana yake ya asili ni mjakazi. Msomaji asilipite neno hilo haraka: sheria inayosifiwa na wengi kwa kukataa kumwaga damu ilipima hasara ya muungwana kwa kutumia jina la mwanamke asiyekuwa huru, na mwanamke huyo mwenyewe alipouawa, aliyelipwa alikuwa bwana wake.

Sasa tuje kwenye malipo yenyewe. Mtu huru alipouawa bila haki, yalidaiwa malipo ya aina mbili, na mkanganyiko mwingi wa leo unatokana na kuyachanganya.

La kwanza liliitwa éraic, yaani malipo ya mwili au ya uhai wenyewe. Kiwango chake kilikuwa cumal 7, sawa na ng'ombe 21 wa maziwa, na jambo la kushangaza ni kwamba hakikubadilika kwa cheo. Mkulima huru na kabaila mwenye watu chini yake walilipiwa sawa, kwa sababu hapa swali lilikuwa moja tu: je, mtu huru ameondolewa duniani? Ili kuona uzito wa ng'ombe 21, tuangalie andiko moja la sheria la yapata mwaka 700, liitwalo Críth Gablach, ambalo linaorodhesha mali ya kila daraja la watu. Mkulima mwenye uwezo, yule wa daraja la bóaire aliye na nyumba nzuri na sehemu katika kinu, anaelezwa kuwa na ng'ombe 20, mafahali 2, maksai 6, nguruwe 20 na kondoo 20. Éraic peke yake ilizidi ng'ombe wote wa mtu wa namna hiyo. Anayedhani kwamba hiyo ilikuwa bei rahisi ya kuua afikirie familia ya wafugaji ikiamka asubuhi na kukuta zizi tupu, maziwa hakuna, siagi hakuna, na ng'ombe mmoja zaidi bado anadaiwa.

Malipo ya pili yaliitwa lóg n-enech, na tafsiri yake ya neno kwa neno ni thamani ya uso. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapa. Wahenga wetu walisema uso umeumbwa na haya, na lugha yetu yenyewe imemtwika mtu huru jina la muungwana, neno ambalo lilianza kwa kumtenga na mtumwa na likaishia kumaanisha mtu mwenye heshima na adabu. Waayalandi nao waliiona heshima ya mtu usoni, nao walikwenda hatua moja zaidi kwa kuiwekea kiasi. Mkulima mdogo wa daraja la ócaire alikuwa na thamani ya uso ya sét 3. Bóaire sét 5. Bwana wa daraja la chini, aliyeitwa aire déso, sét 10. Na mfalme wa túath cumal 7. Hapa, tofauti na éraic, watu hawakuwa sawa hata kidogo, na sheria haikuona aibu kulisema hilo.

Mfano wa nyumbani utasaidia. Tuseme mtu amegonga bodaboda yako, na badala ya kuomba radhi akashuka na kukuzaba kofi mbele ya watoto wako. Gharama ya fundi na vipuri ni ileile kwa mwenye bodaboda yeyote, awe mwalimu au mkata nyasi. Lakini kofi ni deni jingine kabisa, halilipwi kwa kubadilisha taa iliyovunjika. Waayalandi waliyatenganisha madeni hayo mawili kwa makini makubwa: hasara ilikuwa na hesabu yake, na dharau ilikuwa na hesabu yake. Katika mauaji walizingatia pia kwamba marehemu hana tena uso wa kuoneshwa haya. Waliobaki ndio waliodharauliwa, kwa kuwa mtu wao ameuawa na wao wapo. Kwa sababu hiyo, malipo ya uso katika kesi ya mauaji yalikwenda kwa jamaa zake, kwa kufuata hadhi ya kila mmoja na ukaribu wake na marehemu, na watu wa upande wa mama nao walikuwa na fungu lao.

Thamani ya uso haikuwa kitu cha kukaa kabatini kikisubiri maafa. Ilifanya kazi kila siku, kwa namna inayofanana na kikomo ambacho mkopo wa simu humwekea mtu kulingana na rekodi yake. Muungwana hakuweza kumdhamini mtu mwingine, wala kiapo chake hakikushinda, katika jambo linalozidi thamani ya uso wake. Na kama kikomo cha mkopo, ilishuka kwa mwenye kuichezea. Aliyewanyima wageni chakula na malazi, aliyetoa ushahidi wa uongo, aliyekwepa madeni, wote walihatarisha nyuso zao. Mfalme hakusamehewa: Críth Gablach inasema kwamba mfalme akikutwa akifanya kazi za mikono kwa nyundo, sepetu au shoka, huhesabiwa kwa wakati huo kama mtu wa kawaida, na mfalme aliyejeruhiwa mgongoni akikimbia vita naye hushushwa. Hilo la sepetu linaweza kutuudhi sisi tunaoheshimu kazi ya mikono, lakini linaonyesha jinsi walivyoamini kwamba hadhi ni mzigo unaobebwa na si mali inayomilikiwa tu.

Tufike sasa kwenye kiini cha mfumo, ambacho ndicho jibu la lile swali la tajiri anayeua na kulipa. Deni la damu halikuwa la muuaji peke yake. Lilikuwa juu yake kwanza, lakini likimshinda au akitoroka liliwaangukia jamaa zake wa karibu, na kutoka kwao likaenea hadi kwenye derbfine, yaani watu wote wa upande wa kiume waliotokana na mtu mmoja aliye baba wa babu yao. Watu hao ndio waliomiliki ardhi ya ukoo kwa pamoja, na ndio waliobebeana makosa. Yeyote aliyewahi kuwa katika kikundi cha kukopeshana, ambamo mmoja akikwepa rejesho wenzake huchangishwa, anaelewa mara moja kilichotokea. Wanakikundi hawasubiri siku ya rejesho ndipo wamtazame mwenzao. Wanajua anaamka saa ngapi, anakunywa na nani, biashara yake inakwendaje. Ukoo wa Kiayalandi ulifanya kazi ya polisi kwa sababu ulikuwa na ng'ombe wa kupoteza. Kijana mkorofi alionywa na baba wakubwa na baba wadogo muda mrefu kabla hajachomoa kisu, na asipoonyeka ukoo uliweza kumfukuza rasmi, akabaki mtu asiye na kwao, na yeyote aliyempa chakula au mahali pa kulala baada ya hapo alijitwika madeni yake.

Kwa hiyo tajiri aliyedhamiria kuua hakuwa anafungua mkoba wake tu. Alikuwa anafungua mazizi ya ndugu zake, na ndugu zake walikuwa na la kusema.

Hata hivyo nisiwe mtetezi wa mfumo huu kupita kiasi. Ulimtegemea sana anayedai kuwa na nguvu za kudai. Ukoo dhaifu uliofiwa mbele ya ukoo mkubwa ulilazimika kutafuta bwana wa kuusemea, na dhidi ya watu wa daraja la juu kabisa, wale walioitwa nemed, njia iliyowekwa ilikuwa kufunga kula nje ya nyumba ya mdaiwa mpaka atoe dhamana ya kulipa. Mkubwa aliyekula huku mdai wake akishinda na njaa mlangoni, bila kukubali kutoa haki, alipoteza haki yake ya kulipwa kwa makosa atakayotendewa. Njia hiyo ina uzuri wake, lakini inafaa tu kwa mkubwa mwenye haya. Na muuaji aliyetoka túath nyingine ambayo haikuwa na mkataba na túath ya marehemu hakufikiwa na hukumu kabisa.

Dhana nyingine inayoenea ni kwamba sheria hizo zilikuwa laini na hazikujua kifo. Hii si kweli. Malipo yasipotolewa, muuaji aliangukia mikononi mwa ukoo uliofiwa kama mateka, aliyeitwa cimbid, na ukoo huo ulikuwa na haki ya kumuua, au kumuuza utumwani, au kumwacha akombolewe na mtu mwingine ambaye tangu hapo alimiliki maisha yake. Aliyekombolewa hivyo hakurudi kuwa muungwana kamili. Fidia ilikuwa mlango uliowekwa mbele ya kisasi, na mlango usipofunguliwa kisasi kilikuwa halali.

Yalikuwapo pia mauaji ambayo kiwango cha kawaida hakikutosha. Aliyeua na kuficha maiti, kwa kuitupa baharini, au kuiacha nyikani, au kuifunika kwa majani, alilipa maradufu. Sababu yake ni rahisi kuielewa: mfumo wote ulisimama juu ya kujulikana, kwani ukoo hauwezi kudai deni la mtu ambaye haujui kama yu hai. Aliyeua hadharani na kukiri alikuwa ameliacha deni lake mezani. Aliyeficha alikuwa amefuta hata karatasi ya deni.

Kosa lililoutikisa mfumo kuliko yote lilikuwa fingal, kumuua ndugu wa damu. Hebu tulitazame kwa macho ya sheria yenyewe. Wanaopaswa kulipa ni ukoo wa muuaji. Wanaopaswa kulipwa ni ukoo wa marehemu. Lakini ukoo ni mmoja, zizi ni moja, na ng'ombe wangetoka mlango wa mbele na kuingia wa nyuma. Na kulipiza kisasi nako hakukuwezekana, kwa sababu atakayemuua muuaji naye atakuwa amemuua nduguye. Fidia na kisasi vyote vilikwama. Walichofanya ni kumkata mtu huyo: alipoteza haki yake katika ardhi ya ukoo, huku akibaki na wajibu wa kuchangia madeni ya ukoo uleule. Katika baadhi ya makosa ambayo hawakutaka kumwaga damu kwa mikono yao, hili likiwamo, mkosaji aliweza kutiwa katika chombo na kusukumwa baharini kuelekea popote upepo utakapompeleka, uamuzi wa mwisho wakiuacha kwa Mungu.

Ubakaji ulihesabiwa miongoni mwa makosa makubwa, na hapa maandiko yana jambo la kuwasifu na jambo la kuwalaumu. Walitambua aina mbili: forcor, ule wa nguvu, na sleth, ule wa kumwingilia mwanamke aliyelala au aliyelewa, na wakaiweka aina ya pili kwenye uzito uleule wa ya kwanza. Mpaka leo wako watu wanaobishia hilo. Lakini malipo ya uso yalipimwa kwa uso wa mwanamume aliyekuwa juu yake, baba, mume au mwana, kana kwamba aliyeumizwa zaidi ni yeye. Na mwanamke aliyeingia katika nyumba ya pombe bila mtu wa kuandamana naye alinyimwa haki ya kudai. Nasema wazi kwamba hilo lilikuwa dhuluma wakati ule kama lilivyo leo.

Majeraha yasiyoua yalikuwa na utaratibu wake. Aliyejeruhiwa alikaa kwa jamaa zake siku 9, kisha tabibu akatamka kama atapona. Katika desturi ya zamani zaidi, aliyeonekana kwamba atapona lakini anahitaji uuguzi alipelekwa mahali ambapo mjeruhi alitakiwa kumgharimia chakula kinacholingana na cheo chake, mtu wa kufanya kazi zake, na nyumba yenye utulivu, isiyo na kelele za ugomvi wala mbwa. Malipo ya kidonda kwa tabibu yalihesabiwa kwa nafaka: ukubwa wake ulipimwa kwa idadi ya punje zinazoingia ndani yake. Kwa mfalme au askofu ilitumika punje ya ngano, na kwa watu wa chini punje ya njegere au ya haragwe. Punje ikiwa ndogo, zinaingia nyingi zaidi katika kidonda kilekile, na malipo yanapanda. Sijui kipimo kingine kinachoonyesha usawa na ukosefu wa usawa wa jamii hiyo kwa pamoja namna hii: kidonda cha kila muungwana kilistahili kupimwa, lakini si kwa punje moja.

Wakristo wa Ayalandi walijua kwamba mfumo wao ulihitaji kutetewa, kwa kuwa Agano la Kale lilizungumza lugha ya jicho kwa jicho na Injili ilizungumzia kusamehe. Dibaji ya mkusanyiko mkubwa wa sheria uitwao Senchas Már inasimulia kisa cha kutatua mgongano huo. Nuadu Derg, jamaa wa mfalme Lóegaire, alimuua Odrán, mwendesha gari la farasi wa Patrick, mtakatifu aliyehubiri Ukristo Ayalandi, ili kuujaribu msamaha aliouhubiri. Patrick akamwachia Dubthach, mshairi na mwamuzi, atoe hukumu. Hukumu ikawa kwamba muuaji auawe kwa kosa lake, na roho yake isamehewe iende mbinguni. Kisha dibaji inaeleza kwa nini wao sasa wanatoza éraic badala ya kufanya hivyo: kwa sababu hakuna tena mtu mwenye uwezo wa kuhakikisha mbingu kama Patrick alivyokuwa nao, mtu asiuawe kwa kosa ambalo amelilipia. Kisa chenyewe ni cha kubuniwa karne nyingi baada ya Patrick, lakini kinatuonyesha jinsi wanasheria hao walivyojielewa. Kwao fidia ilikaa katikati, baina ya kulipiza na kusamehe.

Si kila mwanakanisa aliridhika na hapo katikati. Mwaka 697, katika mkutano uliofanyika Birr, Adomnán, abati, yaani mkuu wa monasteri, wa kisiwa cha Iona, aliwafanya wafalme na maaskofu wadhamini sheria ya kuwalinda wanawake, watoto na watu wa dini wasiuawe. Muuaji wa mwanamke, kwa sheria hiyo, alikatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha akauawa, na jamaa zake wakalipa cumal 7 juu yake. Au badala yake afanye toba ya miaka 14 na alipe cumal 14. Anayesema kwamba Ayalandi ilitoza ng'ombe tu aisome hiyo.

Mfumo huu ulidumu, kwa mabadiliko mengi, mpaka Uingereza ilipokishika kisiwa kizima mwanzoni mwa karne ya 17. Kwa Waingereza kila mauaji yalikuwa kosa dhidi ya amani ya mfalme, na mtu hawezi kulipa deni la mfalme kwa kuwapa majirani ng'ombe. John Davies, mwanasheria wa mfalme wa Uingereza nchini Ayalandi, aliandika mwaka 1612 kisa cha Maguire, mtawala wa Fermanagh. Gavana Fitzwilliam alimwarifu kwamba anamtumia ofisa wa kusimamia sheria za Kiingereza katika eneo lake. Maguire akajibu kwamba ofisa huyo anakaribishwa, lakini kwanza aambiwe éraic yake ni kiasi gani, ili watu wake wakimkata kichwa aweze kuitoza nchi yote. Davies alikitoa kisa hicho kuthibitisha ushenzi wa Waayalandi, na wengi waliokisimulia baadaye wamekiona ni jeuri. Huenda jeuri ilikuwamo. Lakini alichouliza Maguire ni kile ambacho mkuu yeyote wa ukoo alipaswa kukijua kabla ya kumpokea mgeni ambaye damu yake ingekuwa juu yao wote: hadhi yake ni ipi, na likitokea la kutokea, kila zizi litatoa ng'ombe wangapi.